Presi ya kujazia risasi imegoma? Namna ya kudai waranti bila kuzungushwa

Wadau mnaojaza risasi wenyewe, yaani mnaotumia tena maganda yaliyokwisha kupigwa, leo naandika kuhusu kitu ambacho watu hawakiulizi mpaka siku mashine imegoma na maganda mia mbili yako mezani yanasubiri. Waranti na huduma kwa wateja. Nimeshadai mara kadhaa, zingine nikapata kwa siku chache, zingine nikazungushwa mpaka nikachoka, na nikiangalia nyuma naona tofauti haikuwa kampuni, tofauti ilikuwa mimi na nilivyoenda kuomba. Ukienda unalalamika "mashine yenu mbovu" utajibiwa maswali kumi, ukienda unajua kipuri gani kimekufa na namba yake ni ipi mara nyingi kinatumwa tu, kwa bahasha.

Tuelewane kwanza kwenye maneno maana hapa kuna mtego. Kile chuma cha duara kinachofungwa juu ya presi ili kurudisha ganda kwenye saizi yake watu wengi wanakiita dai, sasa kwenye mada ya waranti ukiandika "dai langu limekataliwa" hakuna atakayejua umekataliwa madai au chuma kimekataa kuingia. Kwa hiyo mi hapa nitakiita kalibu. Praima, kile kikombe kidogo nyuma ya ganda kinachowasha baruti kikigongwa, nitaiita fataki. Presi ni presi, ile mashine yenye wenzo unaovuta kujazia.

HATUA YA KWANZA: HAKIKISHA KWELI NI MASHINE

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndipo madai mengi yanapofia. Kabla ya kugusa chochote toa baruti yote kwenye chombo chake uirudishe kwenye kopo lake halisi, toa fataki zote kwenye bomba na kwenye trei, weka mbali. Usifanye uchunguzi wa mashine iliyobanana huku fataki ziko ndani, zile hazina utani, na kamwe usilazimishe wenzo ukihisi umegota wakati wa kuweka fataki.

Alafu jiulize: kilichogoma ni chuma au ni ganda? Mfano wa kwanza, pini ya kutolea fataki imekatika. Unakasirika, unaandika kampuni. Swali la kwanza watakalokuuliza ni ganda lilikuwa Boxer au Berdan. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, pini inapita hapo inasukuma fataki iliyotumika inatoka. Ganda la Berdan lina vitundu viwili vidogo pembeni na katikati ni chuma kitupu, kwa hiyo pini inagonga ukuta na inakatika au inapinda. Chukua tochi, chungulia ndani ya ganda, utajua kwa sekunde mbili. Pini yenyewe ni kitu cha kuisha kama tairi, kampuni nyingi watakutumia tu bila maneno, ila usiwaambie chuma ni kibovu wakati ulichomeka Berdan.

Mfano wa pili unawasumbua sana wanaojaza .45 ACP, aina ya risasi ya bastola. Maganda ya .45 ACP yapo yenye nafasi ya fataki kubwa na yapo yenye nafasi ya fataki ndogo, na ukiokota uwanjani yanachanganyika. Mashine imewekwa fataki kubwa, linakuja ganda la fataki ndogo, wenzo unagota, mtu anadhani mfumo wa fataki umeharibika. Haujaharibika. Chambua maganda kwanza.

Na maganda ya kijeshi, yale ya 5.56 na 7.62, fataki yake huwa imekazwa na ukingo wa shaba kiwandani. Ukiitoa ukingo unabaki, fataki mpya haiingii vizuri, inapondeka au inakaa upande. Dawa yake ni kuondoa ule ukingo kwa kifaa chake, sio kupiga simu.

Kipimo cha baruti nacho kinasingiziwa sana. Baruti za vijiti virefu hazimiminiki sawasawa, zinakwama zinakatwa na kipimo, kwa hiyo uzito unacheza kidogo hata mashine ikiwa mpya kabisa, wakati zile za duara zinatiririka kama mchele. Kabla ya kulalamika pima mimino kumi mfululizo, andika kila namba, alafu badilisha aina ya baruti upime tena kumi. Kama duara iko sawa na vijiti vinacheza, hiyo ni tabia ya baruti. Kama zote zinacheza sana, hapo una hoja. Ila nisikilize: ukishaona uzito unacheza acha kujaza hapo hapo mpaka ujue kwa nini, hii sio sehemu ya kubahatisha, makosa yake yanaishia kwenye bunduki iliyo usoni kwako.

Mizani ya elektroniki ndio kinara wa kelele. Inapanda inashuka yenyewe, haitulii kwenye sifuri. Nilishawahi kujaza fomu nzima ya kuirudisha, nikafunga boksi, kumbe tatizo ni feni ya kwenye dari. Niliizima nikiwa natafuta selotepu na namba zikatulia palepale, nikabaki naiangalia tu. Kwa hiyo: iache iwake muda ipate moto, iweke sehemu iliyonyooka, zima feni, simu na chaja ziwe mbali, isikae chini ya taa ya tyubu, badilisha betri, alafu pima kwa jiwe lake la kupimia. Baruti inapimwa kwa greni, na greni moja ni kama gramu 0.065 hivi, yaani pauni moja inabeba greni 7,000, kitu kidogo hivyo hata pumzi yako inakisukuma.

HATUA YA PILI: JUA WARANTI YAKO INASEMA NINI HASA

Watu wanasema "hizi mashine zina waranti ya maisha" kama vile zote ni moja. Sio moja. Kampuni kubwa za huu mchezo karibu zote ni za Marekani na kila moja ina utaratibu wake.

Dillon wa Scottsdale, Arizona, ndio wenye sifa kuliko wote, waranti yao kwenye presi kama 550 na 750 ni ya maisha na hawahangaiki sana nani alinunua mwanzo. Lakini mashine zao kubwa za kazi nzito za familia ya 1050 na 1100 haziko kwenye hiyo ya maisha, zina muda wa kuhesabika, na vitu vya umeme pia vina muda wake mfupi. Lee wa Hartford, Wisconsin, wao wanatoa miaka 2, ila wana kitu kizuri ambacho wengi hawakijui: baada ya hapo kifaa chochote ambacho bado wanakitengeneza unaweza kukirudisha kiwandani na nusu ya bei ya sasa, wanakirudishia upya na kinaanza waranti nyingine, haijalishi kimechoka vipi. Kwa mtu aliyenunua presi iliyotumika na kutu hadi kwenye shingo hiyo sio mbaya hata kidogo. RCBS, Hornady, Redding na Lyman nao wana masharti yao, yasome kwenye tovuti zao wenyewe siku hiyo unayodai, usitegemee karatasi ya miaka kumi nyuma wala maneno ya muuzaji.

Kwenye kusoma tafuta vitu vinne tu. Waranti ni ya mnunuzi wa kwanza au ya yeyote aliye nayo? Inahesabiwa tangu lini, kununua au kutengenezwa? Kifaa cha umeme kina muda tofauti? Na nauli ya kurudisha nani analipa?

Kwa walionunua Marekani kuna sheria inaitwa Magnuson-Moss, ya mwaka 1975, na inasaidia kuijua. Inataka waranti ya maandishi iseme wazi kama ni kamili au ina mipaka. Ikiwa kamili inamfuata yeyote anayemiliki kifaa ndani ya muda wake, ikiwa na mipaka kampuni inaruhusiwa kusema ni ya mnunuzi wa kwanza pekee. Kingine, kampuni haiwezi kukwambia waranti imekufa kwa sababu tu umefunga kalibu ya kampuni nyingine. Na hii inatokea sana, maana nyuzi za kalibu nyingi zina kipimo kimoja, 7/8-14 (upana inchi 7/8, nyuzi 14 kwa inchi), kalibu ya huyu inaingia kwenye presi ya yule bila shida. Ila kama hiyo kalibu ya wengine ndio iliyovunja presi, na wakaonyesha hivyo, hapo wana haki ya kukataa.

Na kuna vitu usiviombe kabisa. Kutu ya kuacha mashine kwenye unyevu. Chombo cha baruti cha plastiki kilichobadilika rangi kikawa na ukungu, hiyo ni kwa sababu baruti iliachwa humo siku nyingi, zile zenye nitrogliserini zinakula plastiki. Ile pete ya kabaidi kwenye kalibu za bastola ni ngumu sana na ndio maana haipindi, inapasuka, na mara nyingi imepasuka kwa sababu kishikio cha ganda kilikuwa kinaigonga kila wenzo unaposhuka. Unaweza kuomba, wengine wanakubali kwa ukarimu wao, ila usiende kwa sauti ya kudai haki. Na waranti ya presi ni ya presi. Haifidii bunduki, tena watengenezaji wengi wa bunduki wameandika kwenye kitabu chao kwamba ukipiga risasi za kujaza mwenyewe waranti ya bunduki imeondoka.

HATUA YA TATU: JUA JINA LA KILICHOVUNJIKA

Hii ndio siri yote kama kuna siri. Kila presi ina mchoro wake, ule ambao mashine imechorwa imepasuliwa vipande vipande na kila kipande kina namba. Upo nyuma ya kitabu au kwenye tovuti ya kampuni. Kaa nao mezani, mashine mbele yako, ufuate kipande kwa kipande mpaka ufike kilichokatika.

Mimi mara ya kwanza sikufanya hivyo. Springi ndogo ya mkono wa fataki ilikatika, kitu chenyewe kidogo kama kipande cha tambi, nikaandika "mkono haurudi". Wakaniuliza mkono upi. Nikajibu wa chini. Wakaniuliza toleo gani la mashine, kumbe kuna la zamani na la sasa na springi hazifanani. Barua pepe tano, wiki mbili, na springi yenyewe ukiidondosha kwenye zulia huioni tena. Siku nilipokaa na mchoro nikaandika namba ya mashine, toleo, namba ya kipuri na picha, jibu lilikuja siku hiyo hiyo: tunakutumia. Zikaja mbili.

Picha nazo zina namna yake. Moja ya mashine nzima ili waone toleo. Moja ya karibu ya kilichovunjika, weka sarafu au rula pembeni, nyuma weka karatasi nyeupe. Pale palipokatika paoneshe vizuri maana fundi akiona mkato anajua kama chuma kilikuwa na kasoro tangu kiwandani au kililazimishwa. Video ya sekunde kumi kama tatizo ni mwendo, ikiwa haina ganda wala fataki. Na namba ya mashine kama ipo, piga picha, usiandike kwa kukumbuka.

Risiti? Tafuta. Kama huna sema huna. Kampuni zingine hazijali, zingine zinajali sana, ila hakuna inayofurahia risiti ya kughushi. Na ukinunua kitu kipya leo, ipige picha risiti leo leo, ile karatasi ya dukani wino unafutika baada ya mwaka mmoja unabaki na karatasi nyeupe.

HATUA YA NNE: KUANDIKA AU KUPIGA

Kipuri kidogo, andika. Tatizo usiloelewa, piga simu, na ukipiga uwe umesimama mbele ya mashine na spana mkononi, sio uko kwenye gari. Watu wa zile simu wengi wanajaza risasi wenyewe na watakwambia legeza hii, zungusha ile, na mara nyingi tatizo linaisha pale pale. Epuka Jumatatu asubuhi ya kwao.

Ujumbe mzuri ni mfupi. Kitu kama hiki:

"Habari. Nina presi toleo fulani, namba ya mashine ni hii, niliinunua mwaka fulani, mimi ni mmiliki wa kwanza. Kipuri namba hii kwenye mchoro wenu kimekatika wakati narudisha saizi maganda ya .308. Maganda yalikuwa yamepakwa mafuta. Kalibu ni ya kampuni nyingine. Nimeambatanisha picha tatu. Naomba kipuri hicho, anwani yangu ni hii hapa chini."

Basi. Usisimulie historia ya maisha, usitishe, usiandike kwa herufi kubwa. Na huo mstari wa kalibu ya kampuni nyingine usiufiche, watauona kwenye picha.

Kosa lako liseme. Nina kisa hapa. Ganda lilinikwamia ndani ya kalibu kwa sababu sikupaka mafuta, nilikuwa naongea na mtu huku navuta wenzo, nikahisi limekuwa zito nikavuta zaidi, kishikio kikang'oa ukingo wa ganda kikaliacha humo ndani. Nikajaribu kulitoa kwa njia ambazo sitazieleza hapa, nikapinda na fimbo ya katikati. Nilipowaandikia nikasema wazi: sikupaka mafuta, nikalazimisha, fimbo nimeipinda mwenyewe, nitalipa. Wakanijibu nitume kalibu. Ikarudi imesafishwa, ganda limetolewa, fimbo mpya, na sikulipishwa. Sisemi kila kampuni itafanya hivyo, nasema tu ningedanganya wangejua kabla hawajamaliza kufungua boksi, ganda kavu lilikuwa humo humo.

Na usiwaulize baruti kiasi gani uweke. Hao ni watu wa vyuma, vipimo vya baruti unavitoa kwenye kitabu cha kujazia na kwa kampuni ya baruti yenyewe.

HATUA YA TANO: KUTUMA KIFAA

Jaribu sana usitume mashine nzima. Presi ni chuma kizito, nauli inaweza kuzidi bei ya kipuri mara kadhaa. Uliza kwanza: mnaweza kunitumia kipuri nikafunga mwenyewe? Mara nyingi ndio.

Wakisema lazima irudi, omba namba ya kurudishia kabla hujafunga boksi, iandike nje na ndani. Boksi lisilo na namba linakaa kwenye kona ya stoo yao hakuna anayejua ni la nani. Ndani weka karatasi yenye jina lako, simu, anwani na tatizo kwa mistari mitatu.

Sasa la muhimu: hakikisha hakuna hata punje ya baruti wala fataki moja iliyojificha. Geuza mashine, pulizia, chungulia kwenye bomba la fataki, pale ndipo moja hubaki. Baruti na fataki ni bidhaa hatari zina taratibu zake za kusafirishwa, na posta ya Marekani haipokei risasi kabisa. Futa mashine kwa kitambaa chenye unyevu alafu nawa mikono, ule weusi una madini ya risasi (ledi) yanayotoka kwenye fataki, na yanaingia mwilini, na fundi anayefungua boksi naye ana watoto nyumbani.

Kama kilichokwama kwenye kalibu ni risasi nzima, yaani ina baruti na fataki hai, usiigonge, usiitoboe, usiichome, na usiitume popote. Iache ilivyo, mahali pa baridi mbali na watu, wapigie simu kampuni uwaeleze ilivyo. Hapo ndipo unapofuata maelekezo tu.

Vipande vidogo virefu vifunge kivyake, vya chuma visigongane. Mizani iende na kikombe chake na chaja yake, maana ukiituma peke yake wanaipima kwa chaja yao inafanya kazi vizuri, inarudi, ukichomeka yako tatizo linaendelea, na muda huo wote mbovu ni chaja.

Ukiwa nje ya Marekani uliza kwanza kama wana wakala nchi uliyopo, wengi wanakuelekeza huko. Na kama lazima kivuke mpaka, andika kwenye fomu ya forodha kwamba ni kifaa kinachorudi kutengenezwa, sio bidhaa iliyonunuliwa, la sivyo kikirudi unalipia ushuru mashine yako mwenyewe. Sheria za kuwa na vifaa hivi nchi hadi nchi hazifanani, angalia za kwako kabla hujaagiza hata springi.

WAKIKAA KIMYA AU WAKIKATAA

Siku tano za kazi bila jibu, jibu barua ile ile ya mwanzo, usianzishe mpya, ukianzisha mpya inapewa namba nyingine na anaisoma mtu mwingine anayeanza maswali upya. Bado kimya, piga simu na usome ile namba ya barua. Wakikataa uliza kifungu gani cha waranti wametumia, kwa maandishi, kwa upole. Nusu ya wakati mtu wa pili anaangalia upya na kusema aah sawa. Nusu nyingine wako sahihi, na hapo uliza bei ya kipuri. Mara nyingi ni hela ndogo kuliko nguvu ya kugombana, nimeshagombana mwezi mzima kwa pini, sijivunii.

Mashine ya zamani ambayo haitengenezwi tena ni habari nyingine. Uliza kama kuna kipuri cha toleo jipya kinachoingia, wale wazee wa kwenye simu wanajua vitu ambavyo havimo kwenye mchoro wowote. Kikikosekana, tafuta mashine mbovu kama hiyo uchinje vipuri.

KIPURI KIMEFIKA

Kilinganishe na kile cha zamani kabla ya kufunga, viweke sambamba kwenye kitambaa cheupe. Kilichovunjika usitupe mpaka mashine ipite majaribio, wengine wanakitaka kirudi. Funga, vuta wenzo mara ishirini bila kitu chochote. Alafu maganda matupu. Alafu, kama ulichogusa kinahusu baruti, mimino kumi kwenye mizani, kila moja imeandikwa, kabla ya risasi hata moja. Kama ulichogusa ni kalibu basi ipange upya tangu mwanzo, usiamini alama ya zamani ya maka peni.

Waandikie mstari mmoja kwamba imefika na inafanya kazi, wanafunga tiketi, na mara nyingine ukirudi jina lako linakumbukwa. Na tarehe, kipuri na namba yake viandike kwenye daftari la mashine. Ile springi ya ziada niliyotumiwa bado iko kwenye kopo la dawa tupu juu ya presi, na namba yake nimeiandika kwenye kifuniko.